Katoni Kumi na Moja na Mbuzi Tuliyemrudisha

Na hapana, mwanangu, jana sikunyamaza kwa hasira. Nilinyamaza kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa wali, na kabla sijameza Kioko wangu alikuwa amekwisha kucheka mpaka chai ikamwagikia shati, nawe ukainuka kumpangusa, na swali likapita. Lakini mimi halikunipita. Uliuliza, "Mama, sema ukweli. Ule uhamisho uliukataa kwa ajili ya Mungu ama kwa ajili ya Anko Kioko?" Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo ofisini nikagonga muhuri kichwa chini kwenye barua za watu.

Sasa ni alasiri. Nyinyi wawili mmeenda sokoni kutafuta godoro na mitungi ya maji. Basi la Wajir linaondoka kesho alfajiri, na najua mkirudi hapa patakuwa na kelele na vicheko na kamba za kufungia mizigo, sitapata nafasi. Basi nimeketi karibu na dirisha. Upepo wa moto unayapuliza mapazia, mapazia yangu ya rangi ya machungwa, yananigusa shavu kila ninapomaliza mstari. Ee Wakesho, moyo wangu unarukaruka! Binti yangu ni mwalimu! Eldas! Nimelitaja jina hilo mara nyingi leo hata karani mwenzangu ameniuliza kama nimenunua ngamia huko.

Habari za kuchemsha maji na kufunika chakula sitakuandikia. Umekulia hapa, unazijua kuliko mimi. Nataka kukuandikia habari ya sanamu niliyoiabudu miaka kumi na saba, wewe ukiniangalia.

Usicheke. Najua ukisikia sanamu unawaza jiwe au mti uliochongwa. Yangu ilikuwa ya karatasi, kurasa mbili, na upande wa juu mahali pa kubandika picha.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka minne. Mwaka uliofuata nikapata kazi ya karani wa masjala, na kituo kikawa Garissa. Nililia kutoka Wundanyi mpaka daraja la Tana. Nilikuwa na wewe mapajani na katoni kumi na moja kwenye buti la basi, nyanya yako alizifunga mwenyewe kwa kamba ya katani. Tulipopata nyumba hii ya mtaa wa Iftin nilifungua tatu tu: ya sufuria, ya nguo, ya matandiko. Nane nikazipanga ukutani, nikazifunika shuka. Za nini kuzifungua? Mwaka mmoja tu, tunahama.

Mwaka mmoja! Kila Januari nilijaza fomu ya uhamisho. Na uchungu wa kazi yangu unaujua: barua zote za uhamisho za ofisi yetu zilipita mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyezifungua, nikazigonga muhuri, nikawapelekea wenyewe mezani kwao huku natabasamu. Halafu narudi nyumbani nakupikia uji wa chumvi kwa sababu machozi yameingia sufuriani. Hapo natania, lakini kidogo tu.

Alhamisi saa saba tulikuwa na kikundi chetu cha maombi, unakikumbuka, kina mama wa bara tuliopangiwa kazi huku. Wauguzi, walimu, makarani. Tulikutana nyuma ya kanisa. Sikumbuki tukiombea mvua. Sikumbuki tukimwombea mama fulani wa Iftin ambaye mwanawe amepotea njia ya Hagadera. Kila mmoja alikuja na fomu yake. Nilibeba kutoka kwangu kigoda kimoja chenye kitambaa cheupe cha kufuma, mimi mwenyewe nilikifuma. Tuliziweka fomu juu yake, moja juu ya nyingine, tukazizunguka, tukanyoosha mikono, tukalia mpaka sauti zikakauka. Wengine walifunga kula siku tatu. Mimi niliwahi kufunga saba, nikaanguka masjala kati ya kabati mbili. Na tulikuwa watu wazima, Wakesho, tunaojua kuimba habari za Waisraeli na ndama wao wa dhahabu huku tukitikisa vichwa kwa kuwahurumia. Hakuna hata mmoja aliyetazama kigoda kile akasema, "Jamani, hapa tunafanya nini?"

Sisemi kuomba kuhama ni dhambi. Sikiliza vizuri hapo. Wako waliokuwa na sababu zinazouma, wako waliokuwa na hofu ya haki kabisa, na siwahukumu hata kidogo. Nasema habari yangu mimi. Mchungaji aliponiomba nifundishe watoto Jumapili, nilimjibu, "Mimi ni mpita njia." Kwaya waliponishonea sare, nilisema wampe mwingine, nitaondoka nayo iwaharibie hesabu. Ulipoomba nikutundikie kioo ukutani, nilisema tusitoboe ukuta wa watu. Ukajifunza kusuka nywele zako kwa kujitazama kwenye mfuniko wa sufuria! Nikikumbuka hilo nacheka, halafu sicheki.

Na Sukari. Leo acha niandike habari ya Sukari, kwa sababu hatujawahi kuizungumza, wala hukuniuliza, na mtoto asipouliza ni kwamba amejua.

Ulikuwa na miaka minane. Ilikuwa Idd, na Eedo Halima, shangazi yenu wa ng'ambo ya ua, alikuja amevaa dirac ya zambarau, yule jirani yangu mwenye ulimi wa pilipili, mkononi ana kamba na kwenye kamba kuna mbuzi jike mdogo, mweupe, sikio moja jeusi. Ulipiga ukelele nikadhani umeumwa na nge.

"Hii ni ya Wakesho," akasema. "Yeye na Hodan yangu iko kama mabacha. Mtoto lazima akue na kitu yake."

Ulikuwa umekwisha kumpa jina kabla Eedo hajamaliza kusema. Sukari! Ulimkumbatia shingo. Na mimi, mwanamke wa maombi, nilisimama mlangoni nikasema, "Asante sana, Eedo, lakini tutambeba vipi? Sisi tunahama."

"Lini?"

"Hivi karibuni."

"Hibi karibuni ni siku gani, abaayo, dada yangu?"

Alinitazama, akachungulia nyuma yangu katoni zile na dirisha lisilo na pazia. "Wewe Mama Wakesho, wallahi, nyumba yako iko kama stoo. Fitu yote imefungwa. Mwaka ya tatu sasa. Hata ngamia ikihama, njiani inakula."

Nikakuambia umrudishie kamba. Ulimrudishia wewe kwa mkono wako, kwa sababu mimi niliona haya kufanya hivyo. Niliifanya haya yangu kuwa mzigo wako. Nilikuwa sijui, au nilikuwa sitaki kujua, kwamba kwa hawa watu kumrudisha mnyama aliyepewa mtoto ni kama kumwambia mtu usije tena kwangu. Eedo Halima angeweza kutukata siku ile. Alichofanya ni kuchukua kamba na kusema, "Sawa. Mimi nitachunga. Mbuzi ni ya mtoto bado." Kisha akaenda. Kesho yake akaniletea maziwa kama kawaida, na kunitania kama kawaida. Mimi nilidhani ametania na hilo la mbuzi pia.

Sukari alizaa. Tulimwona kupitia dirisha letu lililo uchi. Binti yake akazaa. Watoto wa binti yake wakapenya uani kwetu wakala pembe ya katoni ya vyombo, ukawafukuza huku unacheka na kuwaita majina kwa Kisomali, Kisomali nilichokukataza kujifunza ati kitakuharibia Kiswahili cha mtihani. Mbuzi walizaliwa, wakakua, wakawa bibi, na sisi bado tulikuwa tunahama. Sanamu yangu haikuniomba nipige magoti, mwanangu. Iliniomba ningoje tu. Na nilipokuwa nangoja, ulikuwa unakua.

Sasa uhamisho. Mwaka jana, Jumatatu asubuhi, nafungua bahasha za ofisi kama siku zote, naona jina. Nikasoma mara mbili. Lilikuwa langu. Kituo: Wundanyi. Siku thelathini za kujibu na kuripoti. Unajua nilifanya nini? Niliugonga muhuri, nikauandika kwenye daftari la barua zinazoingia, nikajipelekea mwenyewe mezani! Halafu nikakupigia simu chuoni.

"Wakesho! Tumepata! Tunarudi nyumbani!"

Nikadhani mtandao umekatika. "Haloo? Haloo?"

"Niko, Mama. Hongera." Kisha ukasema polepole, kama mtu anayeshusha kitu kizito asikivunje, "Lakini Mama, mimi nyumbani kwetu ni hapo."

Nilikata simu nikisema nitakupigia baadaye. Nikarudi nyumbani nianze kufunga mizigo, nikakuta hakuna cha kufunga. Kila kitu kilikuwa kimefungwa tangu ulipokuwa na miaka mitano. Nikaona heri nikague. Nikakata kamba ya nyanya yako kwenye katoni ya kwanza, ile ya mapazia. Alikuwa ameyashona kwa mkono, yenye maua ya bluu pembeni, aliniambia, "Popote utakapolala, tundika haya, ujue uko kwako." Nikashika la juu kulitoa. Likabaki mkononi kama majivu. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni wakala lote, yote, wakaacha pindo na vipete vya chuma. Nyanya yako alikuwa amekwisha kufa miaka sita. Yale maneno ya nondo na kutu tunayosomewa kanisani sikuhitaji kusomewa siku hiyo.

Eedo Halima alisikia kilio akaja mbio, akidhani kuna msiba. Akanikuta sakafuni na vipete mapajani.

"Nani amekufa?"

"Mapazia."

Akakaa chini karibu nami na dirac yake nzuri, kwenye vumbi la mchwa. Akaokota kipete kimoja, akakigeuza. "Bole, abaayo. Lakini mimi nilikuambia dirisha iko uchi." Nikaanza kucheka, Wakesho. Nililia na kucheka kwa pamoja mpaka kwikwi ikanishika. Na katikati ya kwikwi nikajiuliza: huko Wundanyi ninakokwenda, ni nani atakayekaa nami kwenye vumbi hivi?

Sasa ndipo nifikie jibu lako, na nitakupa tarehe kama karani. Barua ya kuukataa uhamisho niliiandika siku ya tisa. Kioko alikuja siku ya kumi na mbili. Naam! Unaona? Lakini sijamaliza. Barua hiyo niliipeleka siku ya ishirini na tano. Niliiandika kabla ya Kioko, nikaipeleka baada ya Kioko. Basi, gawanya mwenyewe wewe uliyesoma sayansi, mimi nimeshindwa.

Na acha nikusimulie siku ya kumi na mbili, hata kama umeisikia mara arobaini! Alikuja kutengeneza pampu ya kisima cha kanisa. Mchungaji akaniomba nimpe fundi chai kwa kuwa naishi karibu. Akaingia na mikono yenye grisi mpaka kwenye viwiko, mrefu, anainama mlangoni, akaona katoni, akauliza kwa adabu kabisa, "Mama, mnahama ama ndiyo mnahamia?"

Nikamtazama. Swali la mtu mgeni, la kawaida tu. Nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Ndiyo nahamia."

"Karibuni sana Garissa," akasema. Miaka kumi na saba, na huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenikaribisha nikakubali kukaribishwa! Chai nilimpa kwa kikombe cha plastiki, kwa sababu vikombe vya udongo vilikuwa katonini. Akasema, "Basi nitarudi kunywa ukishafungua mizigo." Akaondoka. Wakesho, usiku ule nilifungua katoni zote zilizobaki. Vikombe sita, vyote vizima. Kesho yake pampu ikaharibika tena, na mpaka leo hataki kuniambia kama iliharibika yenyewe.

Miezi miwili sasa tangu tufunge ndoa, na mimi mwanamke wa miaka arobaini na sita natembea kama msichana aliyemaliza mtihani. Nikisikia lori lake kwenye kona mikono inasahau inachofanya. Anaimba akioga, anaimba vibaya, na mimi nasimama nje ya bafu nimeshika taulo nasikiliza. Jumapili mchungaji anahubiri na mimi natazama shingo ya Kioko akiwa amekaa mbele na wazee. Unaona hatari? Nami naiona. Wewe uliuliza kwa mzaha, lakini jicho lako halikuwa la mzaha. Ulikuwa unauliza kama mama yako amebadilisha karatasi kwa mtu.

Nakuambia kwamba nilikaribia. Mwezi uliopita kina mama wa Alhamisi walinipitia twende kumwona mwenzetu aliyejifungua kwa shida. Nikasema siwezi, Kioko anarudi leo kutoka vijijini, nataka anikute jikoni. Niliwaambia hivyo bila haya. Kioko akarudi, akanikuta jikoni nimejipamba, akauliza, "Mzazi anaendeleaje?" Nikasema sikwenda, nilikuwa namngoja yeye. Akaweka kofia mezani.

"Sikiliza, mpenzi. Usinigeuze mimi kuwa Mungu. Nitakuchosha. Nakoroma."

Tukaenda pamoja usiku huo huo kumwona mzazi, tukamkuta anasinzia na mtoto kifuani, na sambusa nilizomkaangia Kioko zikaliwa na wageni wa kule. Hapo ndipo nilipoona tofauti, na ndiyo jibu langu la kweli kwako. Karatasi yangu ilinifunga mlango kila siku, na haikunionya hata mara moja. Huyu mtu anaufungua, ananisukuma nitoke. Siku nikimwona anaufunga, au nikimtumia yeye kuufunga, niambie. Nimekupa ruhusa, kwa maandishi. Niulize tena mezani, tena kwa sauti.

Sasa nimebakiwa na jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimelizunguka kurasa zote hizi.

Wiki tatu zilizopita barua yako ya Eldas ilipofika, uliruka ukagonga kichwa kwenye taa. Nilikukumbatia, nikasema Mungu ni mwema. Nilisema kwa mdomo. Kesho yake sikwenda ofisini moja kwa moja. Nilikwenda kwa bwana mmoja ninayemfahamu, nikamwomba akubadilishie kituo akupeleke Voi, karibu na ndugu zetu. Akasema, "Mwenyewe ajaze fomu, atie sahihi." Akanipa. Kurasa mbili, na mahali pa picha.

Nikaijaza mimi, Wakesho. Jina lako kwa mwandiko wangu. Kwenye sababu nikaandika "mzazi mgonjwa". Mimi, ninayecheka peke yangu barabarani! Kisha nikachukua daftari lako la zamani nikajifunza sahihi yako nyuma ya gazeti, mara ishirini hivi, ile herufi yako ya mwisho yenye mkia. Na fomu yenyewe, ikingoja sahihi, unajua niliiweka wapi? Juu ya kile kigoda, kwenye kitambaa cheupe. Mkono ulikwenda wenyewe, unaijua njia.

Kioko akaingia kunawa. Akaisoma amesimama.

"Nani mgonjwa?"

"Mimi."

"Unaumwa wapi?"

Nikamsogezea taulo.

"Wakesho anajua?"

"Hajui. Ni kwa faida yake."

Hakupandisha sauti. Amewahi kusikia habari ya Sukari, nilimsimulia siku nilipomkubali, ili ajue anaoa mtu wa namna gani. Akasema, "Ukitia hiyo sahihi, utakuwa umemrudisha mbuzi mara ya pili. Na safari hii hutamtuma mtoto. Utakuwa umemrudisha wewe mwenyewe, tena akiwa hayupo."

Sikutia sahihi. Fomu imo ndani ya bahasha hii, nimeikunja mara mbili, ni yako. Sikuichoma kwa sababu si yangu ya kuchoma. Ukifika Eldas ukaona kwa macho yako kwamba hapafai, kwamba huna amani, jaza nyingine kwa mkono wako na kwa sababu ya kweli, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupokea, wala sitakuuliza imani yako imekwenda wapi. Ukiona panafaa, ichane, au wape wanafunzi wako wa sayansi waiwashie moto. Nisamehe kwa hii. Na nisamehe kwa ile ya ulipokuwa na miaka minane. Naogopa, sitakudanganya. Kila usiku tangu barua yako ije nimeogopa. Lakini nimeogopa nikiwa na furaha, na hilo ni jipya kwangu: zamani nilipoogopa hapakubaki nafasi ya kitu kingine chochote.

Ndani ya mkoba wako wa kijani, chini ya taulo, utakuta mapazia mawili. Kitambaa ni hikihiki cha machungwa, nilikata cha ziada, fundi wa hapa Iftin akashona. Vipete ni vile vya nyanya yako. Nimevisugua kwa mchanga vikang'aa. Misumari iko kwenye soksi. Toboa ukuta wa watu.

Na sasa furaha yangu niliyoibeba tangu asubuhi, nimeibakiza mwisho makusudi!

Leo nikitoka kwenda kazini Eedo Halima aliniita uani kwake. "Kuja uone." Nikakuta mbuzi sita wamefungwa pembeni, kila mmoja ana uzi mwekundu sikioni.

"Hii ni nini?"

"Ya Wakesho," akasema. "Sukari alikufa kiangazi ile mbaya, lakini hii ni watoto ya watoto yake. Wengine nimechinja, wengine nimeuza nikanunua dawa ya hao. Hii imebaki. Mimi nilisema nitachunga. Wewe ulidhani nacheza?"

Miaka kumi na mitano, Wakesho. Amefunga nyuzi miaka kumi na mitano kwa ajili ya mtoto ambaye mama yake alisema anahama kesho. Nikashika miguu yake, akanipiga begani, "Inuka, inuka, utachelewa kazi. Na huyu mdogo mwenye sikio jeusi mbelekee Eldas. Mwalimu bila maziwa atafundisha nini?"

Nikamwambia kupeleka mbuzi Eldas ni kama kupeleka ndizi Meru, watu watatucheka. Akasema, "Wacha wacheke. Wataona ni mtu ambaye amekuja kukaa."

Basi safari hii sikurudisha kamba, nimeshikilia. Yuko hapa nje sasa ninapoandika, anatafuna pembe ya katoni yako, na mimi namwacha. Nitamficha kwa Eedo kabla hamjarudi. Kioko ana kazi ya pampu upande huo wa Eldas, lori litakuwa na nafasi nyuma. Ukifika usituandalie kitu, wala usijisumbue kuuliza utamfunga wapi. Wewe tundika mapazia tu. Kwa sababu kabla mwezi huu haujaisha utasikia honi mbaya ya Kioko mjini kwenu, na mbuzi analia nyuma, na mimi mbele nimetoa kichwa dirishani, natafuta nyumba ya binti yangu kwa rangi ya machungwa.

Mama yako